Sura ya Tisa ya Dereva wa Akagera

Isaka

Kabla sijaliona lori, nilisikia likipigwa. Kiza cha alfajiri kilikuwa hakijaondoka pale Isaka, treni ilikuwa imetushusha na kutusahau, na mahali fulani mbele yangu mtu alikuwa akigonga magurudumu kwa nondo, moja baada ya jingine: ngo, ngo, ngo. Gurudumu lenye upepo huitika. Lisilo na upepo hutoa mlio wa gunia. Nilihesabu ngo kumi na saba na gunia moja, kisha nikasikia tusi refu likitamkwa polepole, kwa utulivu, kama mtu anayesoma hotuba. Huyo alikuwa Sadiki, dereva wangu, mtu wa Tanga.

Mnaniuliza tangu nirudi: mzee yu hai? Ametia sahihi? Kitabu kinatoka lini? Nimekuwa nikijibu kwa kuagiza chai nyingine. Sasa naandika, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo nitajipendelea, na mnajua jinsi ninavyojua kujipendelea. Habari za tiketi, hati na mihuri naziruka. Hakuna aliyewahi kulia kwa sababu ya muhuri isipokuwa mwenye kuusubiri.

Kwa wale waliojiunga na baraza letu juzijuzi: tulikubaliana kukichapa upya kitabu cha Dereva wa Akagera, riwaya ya vituko ambayo sisi wengine tuliisoma shule ya msingi mpaka jalada likabaki nyuzi. Mwandishi wake, aliyejiita Habibu wa Biryogo, ilisemekana bado anaishi Kigali. Alihitajika mtu wa kumfuata, kumwomba ridhaa kwa maandishi, kisha kuandika dibaji. Nilichaguliwa mimi kwa sababu mbili. Riwaya yangu ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia na kusifiwa. Na nilijitolea kabla mwingine hajafungua kinywa. Barua yenye jina langu ilitangulia, anwani ni mtaa wake wa Biryogo tu, na haikujibiwa.

Sadiki alipouona mkoba wangu wa vitabu alininyooshea nondo.

"Utingo wangu kaugua, kabaki Shinyanga," alisema. "Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiyo."

"Unajua kuweka jiwe nyuma ya gurudumu?"

"Naweza kujifunza."

"Basi leo umepata kazi ya maana."

Ndani ya lori, upande wa dirisha, alikuwamo Mama Virginie, mfanyabiashara wa Kigali anayetoa dagaa Mwanza. Magunia yake yalikuwa kwenye tela, isipokuwa moja alilokataa kulikabidhi kwa tela, akaliweka miguuni.

"Karibu, mwarimu," alisema. "Kaa hapa katikati. Harufu iko kidogo."

Haikuwa kidogo.

Kahama hadi Lusahunga

Nilikuwa nimeapa kutokigusa kitabu mpaka nianze safari. Mara ya mwisho kukisoma nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilitaka kukisoma tena juu ya barabara ileile ya shujaa wake, upepo ukinipiga usoni. Hata sentensi ya kwanza ya dibaji nilikuwa nayo tayari: barabara ni mstari ambao miguu ya watu imeuandika. Msicheke bado. Yako mengine.

Shujaa anaitwa Tufani. Anaendesha lori kutoka Kigoma hadi Kigali akiwa na sanduku asiloruhusiwa kulifungua, naye anafukuzwa na tajiri mwenye jicho la kioo. Utotoni Tufani alikuwa kwangu mtu mzima kuliko watu wazima wote. Kwa ajili yake nilimfunga dada yangu kwenye mpera kwa kamba ya kuanikia nguo, awe mateka, nikaenda kumtafutia mwokozi na kumsahau hadi magharibi. Safari hii, kufika ukurasa wa ishirini, nilikuwa nimekutana na kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye kelele, anayempiga kila anayemuuliza swali na kutabasamu baada ya kila ngumi. Jicho la kioo la tajiri lilianza likiwa la kushoto. Kufika sura ya nne lilikuwa limehamia kulia.

"Soma kwa sauti," Sadiki alisema tulipoiacha Kahama. "Redio imekufa."

Nikasoma. Alisikiliza kama fundi anayesikiliza injini ya mwenzake.

"Lori lake linabeba tani ngapi?"

"Hazijatajwa."

"Mafuta anajaza wapi?"

Nikafunua kurasa za nyuma, nikafunua za mbele. "Hajazi."

"Toka Kigoma mpaka Kigali?"

"Na kurudi."

Sadiki aliitazama geji ya mafuta ya lori lake. "Mwenye lori hilo nimpate wapi," alisema mwishowe, "nikaombe kazi?"

Mama Virginie hakujali mafuta. Alimjali Zaituni, mchumba wa Tufani, ambaye huzimia kila bunduki inapotajwa. Alipozimia mara ya tatu Mama Virginie alianza kuhesabu kwa vidole.

"Mara tano," alisema sura ilipokwisha. "Huyu muntu aliyeandika aliona mapenzi. Mimi naona marariya. Mwarimu, kuna mahali wanamupa dawa?"

"Tufani anambusu."

"Basi atakufa."

Nikatoa penseli. Nilianza kuandika pembeni mwa kurasa, kwa ajili yenu, ili nikirudi tucheke pamoja. Niliandika *malaria*. Niliandika *jicho limehama bila ruhusa*. Pale Tufani anaporusha lori zima juu ya daraja lililovunjika la Mto Akagera, nilimuuliza Sadiki daraja la kweli lina urefu gani, linabeba uzito gani, na askari hukaa upande upi. Nikayaandika yote vizuri kwa mpangilio, nikachora na kamchoro kadogo. Kumbukeni kwamba kule kaskazini mwa Rwanda kulikuwa na vita. Mimi sikukumbuka. Nilikuwa nafanya uhakiki.

Kazi ya utingo niliifanya Nyakanazi, kwenye tope. Kazi ni hii: lori likishindwa kupanda na kuanza kurudi nyuma, unaruka na jiwe, unaliweka nyuma ya gurudumu, unaondoa mkono. Hilo la mwisho Sadiki alilisisitiza. Niliweka jiwe mara tisa. Mara ya kumi niliweka mkoba wangu, kwa haraka, na dibaji yote niliyokuwa nimeiandika ikaingia Nyakanazi na haikutoka. Sadiki alisema hiyo ndiyo mara ya kwanza kuona maandishi yamezuia kitu.

Lusahunga tulikula wali na mbuzi kwa mama mmoja ambaye hakuamini kwamba nasafiri siku zote hizo ili kumwomba mtu aseme ndiyo. Alidhani naenda kuposa. Nilimweleza mara mbili. Akaniongezea nyama, akasema wazazi wa binti wasipokubali mara ya kwanza nisikate tamaa.

Rusumo

Mpakani tulikaa siku mbili. Mbele yetu palikuwa na malori yasiyohesabika, na afisa aliyekuwa akiyaruhusu kwa utaratibu alioujua yeye na Mungu. Maporomoko ya kitabuni yangeweza kuumeza msikiti na mnara wake. Ya Rusumo yananguruma kweli, maji yake mekundu kama chai iliyochemka kupita kiasi, lakini mnara ungeonekana. Nikaandika pembeni: *mnara salama*. Nilikaa kwenye kibanda cha chai na kufungua sura ya tisa, penseli mkononi.

Sikuwa naikumbuka sura ya tisa. Hakuna mtoto anayeikumbuka. Haina ngumi hata moja. Tufani anaharibikiwa na lori, anapewa hifadhi kwa mama mmoja mjane. Mwana wa huyo mama alikwenda kutafuta kazi nchi ya mbali, na hajaleta hata salamu. Kila jioni mama anautandika mkeka wa mwanawe. Kila asubuhi anautoa nje, anaukung'uta vumbi ambalo hakuna mtu aliyelilalia, anaukunja, anausimamisha pembeni mwa mlango. Tufani anamtazama na kwa mara ya kwanza hatabasamu. Anatoka kwenda kutengeneza lori lake.

Ndugu zangu, mnaujua mkeka huo.

Ndio unaofunga riwaya yangu. Mwanaidi, ulilia. Chande, uliukariri kwenye harusi ya kaka yako, mahali ambapo haukuhitajika kabisa. Mhakiki mmoja aliandika kwamba vumbi lile haliwezi kuandikwa ila na mtu aliyelionja. Nami niliposoma maneno hayo niliinamisha kichwa, kama mtu aliyelionja. Aliyekasirika ni mama yangu peke yake. Majirani wa Magomeni walimpa pole kwa mateso yake, wakati mimi nilipohama nyumbani aliuza kitanda changu wiki hiyohiyo na chumba akampangisha fundi saa.

Nilisoma ukurasa ule mara nne. Haukuwa mfano wa ukurasa wangu. Ulikuwa ndio ukurasa wangu. Ni mlango tu niliouhamisha kutoka kulia kwenda kushoto, kama lile jicho. Kwa muda wa dakika moja hivi nilimshuku mzee Habibu kwamba ameniibia. Kisha nikaangalia mwaka wa kuchapwa.

Naapa sikunakili. Sikuwa na kitabu mezani. Niliandika usiku mmoja machozi yakinitoka, nikidhani maneno yanatoka kwenye moyo wangu, kumbe yanatoka darasa la tano. Lakini mkae mkifikiri kidogo juu ya hali yangu pale kibandani. Nilikuwa safarini kwenda kuomba ruhusa ya kukichapa upya, kwa nakala elfu, ushahidi dhidi yangu mwenyewe, ukiwa na dibaji yangu mbele yake.

"Umekunywa chai ya baridi, mwarimu," Mama Virginie alisema. "Shujaa amekufa?"

"Bado," nilisema.

Kizuizini

Vizuizi tulivyopita upande wa Rwanda sikuvihesabu. Kwenye vingi askari walitazama karatasi, wakanusa gunia la miguuni, wakatuacha. Mbele kidogo ya Kayonza tulipata askari aliyependa kusoma.

Alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake alikijifunzia kambini. Alikichukua kitabu kwenye dashibodi, akakifunua, akafika darajani.

"Hii kitabu ni ya nini?"

"Ni hadithi tu, afande."

"Hadithi iko na mita za daraja?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwamba mwandishi ametia chumvi, na mimi nilikuwa nikilinganisha ubunifu na hali halisi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mpelelezi, na mpelelezi mbaya. Alinionyesha kamchoro.

"Na hii ni askari?"

"Ni... ndiyo. Ni mahali wanaposimama."

Sadiki alizima injini, akashuka, akatandika kanga chini ya tela na kulala. Alivijua vizuizi vya saa moja na vizuizi vya siku nzima kwa kuvitazama tu. Mama Virginie ndiye aliyeniokoa. Alisema maneno mengi ya Kinyarwanda, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nifaidi.

"Afande, mutazame. Huyu alisimamisha rori na mufuko wa vitabu. Angekuwa mupelelezi, wangemutuma?"

Askari alinitazama vizuri. Nadhani hoja hiyo ilimwingia.

"Futa," alisema.

"Nifute ukurasa wa daraja?"

"Zote."

Akaniletea kigoda. Mama Virginie, mtu wa mahesabu, alikuwa na kifutio. Nikakaa pembeni mwa barabara, mwandishi mwenye jina kiasi, nikafuta uhakiki wangu mbele ya jeshi. Nilifuta malaria. Nilifuta jicho. Kila nilichofuta askari alikisoma kwanza, na pale alipokuta ngumi alisoma ukurasa mzima, midomo ikicheza.

"Huyu Tufani anafika Kigali?"

"Anafika."

"Na sanduku?"

"Na sanduku."

"Basi mbona umeandika yeye ni mujinga?"

Nikafuta *mjinga*. Tukafika sura ya tisa. Alifunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa nne, akitafuta penseli.

"Huku hujaandika kitu. Huku ni kuzuri?"

"Ndiyo, afande. Ni kuzuri."

Hiyo ndiyo mara pekee katika safari nzima niliposema ukweli juu ya sura hiyo, na niliusema mbele ya mtu mwenye bunduki.

Kanombe hadi Gikondo

Kuanzia hapo hadi mjini nilipanga. Tulipita Kanombe, ambako ndege ilikuwa inashuka chini mno juu ya mabati ya nyumba za askari, sikuiangalia. Mpango wangu ulikuwa mwepesi na wa kistaarabu, kama mipango yote ya waoga. Ningemwambia mzee kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Toleo jipya liwe fupi kidogo. Kuna sura moja, mzee wangu, ambayo inasimamisha safari. Toleo lingetoka bila sura ya tisa, nakala za zamani zimeshaliwa na mchwa, na nyinyi kama mimi hamkuikumbuka. Nilijiambia kwamba naifanyia sanaa hisani. Nilijiambia hivyo kuanzia Remera mpaka kwenye maghala ya forodha ya Gikondo, kilima cha Rebero kikiwa juu yetu kama mtu anayesoma begani pako.

Pale Gikondo niliwauliza wenzangu nyumba ya mwandishi Habibu wa Biryogo.

"Biryogo hakuna mwandishi," Sadiki alisema. "Ningemjua."

"Iko Habibu wa viti," Mama Virginie alisema.

"Huyo ni fundi. Anashona viti vya malori. Hata hiki alichokalia huyu siku zote hizi kashona yeye." Sadiki akapapasa mshono. "Kaandika kitabu? Yule?"

"Hiki hiki."

Sadiki alikiangalia kitabu, akaliangalia lori. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameona haya. "Na mimi nimemsema juu ya mafuta," alisema.

Biryogo

Nilikwenda asubuhi ya pili, baada ya kunywa uji kwa Mama Virginie. Nyumba ilikuwa karibu na msikiti, sebule yake ndiyo karakana: sponji, marobota ya reksini, viti viwili vya lori vilivyoelekezwa ukutani kama watoto walioadhibiwa. Mzee Habibu alikuwa mtu mdogo, miwani imefungwa kwa uzi mweusi wa kushonea. Nilipotaja jina langu mlangoni alinishika mkono kwa mikono yake miwili na hakuuachia haraka.

"Ni wewe," alisema. "Umefika. Hawa, mgeni amefika."

Hawa, bintiye, mama wa makamo, alichungulia, akanitazama kwa furaha iliyonishangaza, akarudi jikoni. Mzee alinikalisha kwenye kiti cha lori alichokuwa amekimaliza. Tuliulizana safari. Tuliulizana habari za Ujiji, ambako alisoma chuo cha Kurani na kujifunza Kiswahili chake. Kisha akachukua sindano yake, akainama kwenye kazi. Nilidhani ananipa nafasi ya kutoa hoja. Sasa najua alikuwa akingoja kitu kingine.

Nikatoa hoja. Nilisifu kwa dakika kumi. Nilisifu mpaka jicho la kioo. Mzee alishona tu, akiitikia kwa koo.

"Liko jambo dogo, mzee wangu," nilisema. "Sura ya tisa."

Sindano ikasimama. "Eh."

"Inasimamisha safari. Msomaji anataka kujua kama Tufani atafika, halafu ghafla kuna mama na mkeka. Wenzangu wa Dar wanaona tungeiondoa."

Ndiyo. Niliwasingizia nyinyi.

"Ni mbaya?" aliuliza.

"Si mbaya. Imezidi."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda ambao ningeweza kuusema ukweli mara tatu. Kisha akasimama, akaenda kwenye kabati, akarudi na nakala yake ya kitabu. Ilikuwa imevishwa jalada la reksini nyekundu, imeshonwa kwa mkono. Aliiweka juu ya meza ya kazi, akafunua, akachukua kisu anachokatia reksini, akapitisha kwenye mgongo wa karatasi. Kurasa nane zilitoka safi, bila kuchanika hata kidogo.

"Wewe ni msomi," alisema. "Mimi fundi. Panapozidi, hukatwa. Karatasi ya kutia sahihi iko wapi?"

Niliitoa mfukoni. Moyo wangu ulikuwa mwepesi mno, nawaambia ukweli, nikaanza hata kutafuta upya sentensi ya kwanza ya dibaji. Ndipo Hawa alipoingia na sinia la chai ya tangawizi na sambusa. Kwapani alikuwa na kitabu. Nililifahamu jalada lake kabla hajakifikisha mezani. Kilikuwa changu.

"Baba, samahani, kama wamaliza," alisema. "Ndugu, uniandikie jina lako humu. Tangu jana, dereva wako aliposema umeingia Kigali, Baba anikataza, ati nisikuombe mpaka useme mwenyewe."

"Niseme nini?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Kuhusu mkeka." Akacheka. "Madereva walimuletea kitabu kutoka Dar. Alipofika mwisho aliniita, akasoma, akalia. Akasema, kuna kijana kule amehifadhi sura yangu yote, neno kwa neno, kama mutoto wa chuo. Na barua yenu ilipokuja, aliona jina lako. Unajua chuoni, mutoto akihifadhi huja mbele ya mwalimu kusikilizwa. Baba akasema, anakuja kusikilizwa. Amewaita watu, watakuja baada ya alasiri."

Hapo aliziona kurasa nane mezani. Alizitazama, akamtazama baba yake, kisha kisu. Kicheko kilimtoka usoni polepole. Aliweka sinia chini bila kumimina chai, akaingia ndani.

Nilianza kusema. Nilisema kwamba nilisahau, kwamba utoto ni shimo refu, kwamba mtunzi hajui anywapo maji ni ya kisima gani. Nilisema vizuri. Nadhani sijawahi kusema vizuri kama vile. Mzee alifuta kisu kwa kitambaa.

"Mama yako," aliuliza, "alikuwa akiutandika mkeka?"

"Hapana, mzee."

"Wangu aliutandika. Mimi nilikuwa Ujiji kwa miaka kumi na mmoja. Niliporudi niliukuta mlangoni, umekunjwa. Yeye sikumkuta." Akaichukua karatasi ya ridhaa, akaisoma mpaka chini, akanirudishia. "Ngumi zile zote nilizitunga, na mafuta nilisahau, madereva wa zamani hunicheka. Hiyo sikuitunga. Ungekuja ukasema umeichukua, ningekupa, na karatasi yako ningeitia sahihi. Nilikuwa nimekwisha kukupa."

"Niruhusu nizishone tena kitabuni," nilisema.

"Hujui kushona."

Akazichukua zile kurasa nane, akazitia ndani ya riwaya yangu, pale mwishoni, akaifunga na kunikabidhi. Hawa hakuwa ameandikiwa jina, na hakurudi kulidai. Kwa hiyo hakuna sahihi, na kitabu hakitoki. Kurasa ziko kwangu, Chande, ukitaka kuzisoma njoo. Zina mlango upande wa kulia.

Nilisema naomba kuaga kabla ya alasiri. Mzee akasema vema, akasimama, akafika mlangoni kabla yangu na kuufungua, akasema salamu ziwafikie watu wa Dar. Kule Kigali mgeni haagwi mlangoni. Mwenyeji hutafuta viatu vyake, hutoka naye, wakaongozana wakizungumza mpaka barabarani, na anayempenda mgeni hufika naye hadi njia panda na kusimama hapo mpaka apotee. Asubuhi ile Mama Virginie alikuwa amenisindikiza kilima kizima, dagaa zake zikimngoja. Basi nilitoka, nikashuka ngazi ya mlangoni, nikasogea kando ili mzee apite, nikageuka kumwambia asijisumbue, jua ni kali. Mlango ukafungwa.